Subaru ya bluu, injini imefunguliwa: ninunue au niache?

Wiki ya tatu sasa nalala na gari kichwani. Ni Subaru Impreza WRX ya 2004, bluu, rimu za dhahabu, gia za manyuali, namba D, ipo hapahapa Mtwara mjini na mwenye nayo namjua, ni bwana mdogo mmoja wa Shangani anapiga kazi bandarini, tunasalimiana miaka mingi. Anataka milioni 14 na nusu. Siku aliponiambia anauza sikumjibu kitu, nilirudi nyumbani nikakaa barazani kimya, maana hiyo gari nilianza kuisikia kabla sijaiona, jioni ikipita na ule mlio wake wa bu-bu-bu-bu hata kama upo ndani unakula unajua ni yenyewe.

Shida ni moja. Injini imefunguliwa.

Na hakunificha, hilo lazima niliseme mapema. Aliniambia, "Kaka nisikudanganye, injini ilishushwa mwaka jana ikafungwa upya, tangu itoke gereji imetembea kama kilomita 1,200 tu, haidai chochote, ni kuweka mafuta na kuondoka." Hayo ya mwisho ni maneno ya kila anayeuza gari nchi hii, ila ya mwanzo angeweza kuyameza na mimi nisingejua mpaka nishalipa. Nikamheshimu kwa hilo na bado namheshimu.

Nimeuliza watu wengi sana na majibu niliyopata ni ya aina mbili. Wapo wanaosema injini iliyofunguliwa usiguse hata ukipewa bure, na wapo wanaosema si ndio bora hiyo, kila kitu ndani kipya, unataka nini tena. Nimezungukwa na hayo majibu mawili siku kadhaa mpaka nikachoka, hakuna hata mmoja aliyeniuliza ilikufa na nini.

Kwanza niseme kwa nini naitaka, mtu asije akadhani ni kupenda sifa. Mimi nimekua naangalia rali kwenye televisheni za jirani. Subaru ya bluu ilimpa ubingwa wa dunia Colin McRae 1995, Richard Burns 2001, Petter Solberg 2003, na sisi watoto tulikuwa tunakata maboksi tunatengeneza gari tunapaka bluu. Sasa ukubwani nimekuja kuielewa kifundi ndio nikaipenda zaidi. Injini yake imelala, pistoni mbili kulia mbili kushoto, zinakwenda na kurudi kama mabondia wanaogusana ngumi, kwa hiyo uzito wote unakaa chini na gari kwenye kona inatulia kama imegandishwa. Ule mlio unatokana na mabomba ya eksozi kutolingana urefu, moshi wa upande mmoja unafika kwenye tabo, ile pampu ya hewa inayozungushwa na moshi, umepishana na wa upande mwingine. Lita 2, tabo, nguvu farasi 250, matairi yote manne yanasukuma muda wote. Na ina milango minne, watoto wanapanda nyuma bila kukunjana. Kuagiza ya umri ule kutoka Japani leo, ushuru wa uchakavu peke yake unakukatisha tamaa, kwa hiyo zilizobaki ni hizi tulizonazo nchini, na safi ambazo hazijaguswa injini nilizoziona zikiuzwa Dar zinaanzia milioni 19 kwenda juu.

Hela ninayo, sio kwamba natamani tu. Nina ekari zangu za mikorosho Tandahimba, na msimu wa 2024 minada ilipofunguliwa Oktoba bei ikavuka 4,000 kwa kilo nikasema hii siichezei, nikaiweka, nikaongezea kidogokidogo ya mshahara. Ni hela ya jasho na ya salfa na ya kuamka saa 10 usiku. Ndiyo maana nasitasita.

Nikaenda kwa Mzee wangu. Mzee aliendesha lori Mtwara–Dar enzi daraja la Mkapa halijakuwepo, Rufiji mnavuka kwa kivuko pale Ndundu, masika ikikaza mnalala njiani siku na siku mnapika kando ya gari. Daraja limefunguliwa 2003 na yeye mwaka uleule mgongo ukamstaafisha. Nilimwamkia, nikamweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Injini haifi bure mwanangu. Kamuulize iliuawa na nini, halafu umuulize aliyeiua yuko wapi sasa hivi."

Basi hilo ndilo nililolifanyia kazi wiki zote hizi.

Nikaanza na karatasi kwa sababu ni rahisi. Namba ya injini iliyochongwa kwenye bloku, kule nyuma karibu na geaboksi, unaifuta grisi kwa kitambaa na petroli ndio unaiona, ikalingana na iliyo kwenye kadi. Maana yake injini imefunguliwa kweli, haijabadilishwa kwa nyingine ya kwenye kontena bila kadi kurekebishwa TRA, mamlaka ya mapato. Faini za trafiki tukaangalia kwenye mfumo, hakuna deni. Jina kwenye kadi ni lake. Hapo sina neno.

Halafu nikamuomba anipeleke kwa fundi aliyeifunga. Hapa nawaambia ukweli kabisa, kama muuzaji hataki ukutane na fundi aliyeshusha injini, achana nayo hapohapo. Yeye alikubali siku hiyohiyo. Tukamkuta fundi yuko chini ya Noah, akatoka, akafuta mikono, tukasalimiana, nikamwambia bosi nimekuja kujifunza sijaja kukukagua. Nikamuuliza kama vile vyuma vya zamani bado vipo. Akaniangalia kidogo halafu akaenda nyuma ya banda akarudi anaburuza kiroba cha saruji, akakimwaga juu ya bati.

Nilikaa chini na vile vyuma karibu saa nzima. Ringi za pistoni zote nne, zimechoka za kawaida tu. Gasketi. Taimingi belti ya zamani. Na beringi za konrodi, vile vipande vya nusu mwezi vinavyokaa kati ya konrodi (mkono wa pistoni) na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), vyembamba kama kucha ya kidole gumba. Beringi nzima ukiitazama ni ya kijivu, imepoa, haing'ai. Za silinda ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa na mikwaruzo ila zinatambulika. Ya nne ilikuwa rangi ya shaba tupu, imesagika mpaka ukingo unakata kama wembe, na vipande vyake viwili vimepandiana kimoja juu ya kingine. Nikaiweka kwenye kiganja na fundi akasema taratibu, "Hiyo ilikaukiwa oili."

Ikaja hadithi yote. Bwana mdogo aliinunua Dar, akaambiwa iko safi, akaondoka nayo usiku bila kuchomoa kijiti cha oili. Kuna kilomita kama 560 mpaka hapa. Alipopita Nangurukuru akaanza kusikia tok-tok-tok kwa mbali, akadhani ni jiwe kwenye rimu, akapandisha redio akaendelea mpaka Lindi. Lindi ndio ikakataa kabisa. Ikaletwa Mtwara juu ya kenta.

Kwa hiyo swali la kwanza la Mzee nikalipatia jibu, iliuawa na njaa ya oili. Na kazi iliyofanyika baada ya hapo ilikuwa nzuri, risiti nimeziona kwa macho. Krenki ilipelekwa Dar kwa basi ikachongwa ikarudi, beringi mpya za saizi iliyoendana na ule mchongo, ringi mpya, hedi zote mbili zimesawazishwa, gasketi mpya, taimingi belti mpya na pampu ya maji juu. Nikamuuliza sasa swali la pili kwa namna nyingine, kipoza oili mlibadilisha? Na tabo? Na lile bomba la kunyonya oili kule ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini?

Akanyamaza. Akasema, "Tulivisafisha kwa petroli tukapuliza na kompresa. Vipya hela haikutosha."

Simlaumu, na nataka msimlaumu. Fundi anafanya kazi kwa hela aliyopewa na huyu hakunidanganya wakati kunidanganya ilikuwa rahisi kabisa. Lakini pale ndipo kitovu cha jambo lote kilipo na watu wengi hawalijui. Beringi ikisagika haipotei hewani, inageuka unga, na ule unga unazunguka na oili injini nzima. Mwingine unashikwa na filta. Mwingine unaingia kwenye kipoza oili ambacho ndani kina vijinjia vyembamba kama mashavu ya samaki, unakaa humo. Petroli na upepo havitoi kila kitu humo, hata upulize siku nzima. Mwingine unakwenda kwenye tabo. Sasa unafunga injini yako vizuri, krenki imechongwa, beringi mpya, unawasha, oili inapata moto inaanza kupita kwenye kipoza oili kilekile na kuung'oa ule unga kidogokidogo na kuupeleka kwenye beringi mpya. Inakufa mara ya pili kwa ugonjwa uleule, na mwenye gari anasema injini za kufungua ni balaa.

Ila huo ulikuwa wasiwasi, haukuwa ushahidi. Siwezi kumkatalia mtu gari kwa wasiwasi.

Nikamtafuta fundi wangu, mtu mzima mmoja wa Magomeni ambaye Subaru anazijua kwa kuzisikiliza tu. Yeye akaanza na kompresheni, yaani kupima kila silinda inabana hewa kwa nguvu gani. Injini lazima ipate moto kwanza, plagi zote nne zitoke, mafuta yakatwe, mtu akanyage akselereta mpaka chini ndio upige stata, na betri iwe na nguvu vinginevyo geji inakudanganya. Kwa injini hii iliyolala ni kazi, plagi ziko mbavuni, upande mmoja unatoa betri upande mwingine unatoa boksi la hewa, mikono ya fundi ilichubuka yote. Silinda ya kwanza psi 150, ya pili 148, ya tatu 145, ya nne 147. Nilipoona ile ya nne nilisikia raha ambayo siwezi kuielezea. Nikataka kutoa laki 5 za kishika uchumba jioni ileile.

Fundi akanishika mkono. Akasema kompresheni inakupa habari za juu tu, pistoni, ringi, valvu, gasketi. Krenki na beringi ziko chini, hazina habari na kompresheni. Injini inaweza kukupa 150 leo saa 4 asubuhi na saa 8 mchana ikatoa konrodi nje ya bloku. Kama unataka habari za chini, kaiulize filta.

Filta ilikuwa ileile tangu injini ifungwe, na hapo pia kuna kosa, injini ikishafungwa upya oili ya kwanza na filta vinatakiwa kumwagwa mapema sana, hata kilomita 500 hazifiki wengine wanamwaga, kwa sababu ringi zinajipangusa na uchafu wa kazi unatoka. Hii ilikuwa na 1,200. Tukaifungua. Nilileta msumeno wa chuma, fundi akaukataa, akasema msumeno wenyewe unamwaga unga wa chuma, utajiletea ushahidi wa uongo. Akatumia tindo na mkasi wa bati, taratibu, akatoa ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani akaikamua. Ilikuwa inameremeta. Lakini akasema hii haihukumu mtu, uchafu wa mara ya kwanza lazima uwepo, tuweke oili mpya na filta mpya, itembee, tufungue tena.

Bwana mdogo alikubali kwa sharti moja, na yeye awemo ndani. Oili na filta nikanunua mimi, laki na ishirini, na hiyo ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko zote mwaka huu.

Jumamosi asubuhi tukaenda Lindi.

Sijui niielezeje hiyo safari. Nilijiwekea sheria mshale wa mizunguko ya injini usipite 3,500, na nisikae mwendo mmoja muda mrefu, nipande nishuke, maana injini changa inapenda hivyo. Kushuka Mikindani pale bahari inapokufungukia na minazi, gia ya tatu, dirisha wazi, ule mlio unarudi kutoka kwenye kuta za yale magofu, nilijikuta natabasamu peke yangu. Ukifika 3,000 tabo inaamka na mgongo unabanwa kwenye kiti, halafu unaachia, inapumua. Vijijini 50 kama kawaida, matrafiki wapo. Mingoyo tukasimama, nikazima, nikasubiri dakika 10 gari ikiwa mahali tambarare, nikachomoa kijiti, oili ipo palepale ilipokuwa. Tukanunua ming'oko kwa mama mmoja pale njiani tukala tumeegemea boneti. Mshale wa joto haukutikisika hata mara moja. Hakuna kugonga, hakuna moshi. Lindi tukapata samaki, tukageuza.

Wakati wa kurudi ndipo akaniambia kwa nini anauza. Anataka kuezeka nyumba ya mama yake Newala kabla mvua hazijaanza, kuta zimesimama tangu mwaka juzi. Na yuko jamaa wa Masasi ana milioni 14 taslimu, anasubiri nimalize kuamua. Akaniambia "Kaka ningependa uichukue wewe kwa sababu utaitunza." Niliendesha kilomita nyingi baada ya hapo sijasema kitu.

Tulifika saa 10 jioni, fundi anatungoja. Filta ilikuwa na kilomita mia mbili na kitu tu. Akaifungua vilevile, tindo na mkasi, akaitandaza ile karatasi. Mimi nilikuwa nimebeba sahani nyeupe ya nyumbani, akaikamulia oili humo na kuisuuza ile mikunjo kwa petroli kidogo, tukaiacha itulie, halafu tukaiinamisha juani.

Chini ya sahani kulikuwa na mstari. Sio mkubwa, ungeweza kuufunika kwa kidole. Vipunje vidogo kama mchanga wa ufukweni Msimbati jua likiupiga, vinang'aa. Fundi akachukua sumaku ya spika ya redio ya zamani, akaifunga na kimfuko cha nailoni, akaipitisha chini ya sahani huku na huku. Vipunje viwili vitatu vikatembea na sumaku. Vilivyobaki havikusogea. Akapitisha tena. Havikusogea. Akavigusa kwa ncha ya kidole akavileta karibu na macho yangu, vilikuwa na wekundu wa shaba.

Chuma cha kawaida kingefuata sumaku. Shaba haifuati. Na kwenye injini ile, oili mpya, kilomita mia mbili, mwendo wa adabu, shaba inatoka wapi kama sio kwenye beringi.

Hakuna aliyeongea. Bwana mdogo aliinama akaitazama ile sahani muda mrefu, akaweka kidole palepale alipoweka fundi.

Usiku huo nilikaa na mama watoto tukapiga hesabu. Kubadilisha kipoza oili, kufungua tabo, bomba la oili, kushusha injini, beringi tena, kupima krenki, fundi wangu alikadiria kati ya milioni 3 na nusu na 4 na nusu. Nikawaza, si ninunue kwa milioni 10 nifanye mwenyewe? Hesabu inakubali. Ila krenki imeshachongwa mara moja, na kama imekwaruzika tena haijulikani kama itavumilia mchongo wa pili, na kama haivumilii unatafuta nyingine, na ukitafuta nyingine unaweza kukuta bloku nayo ina lake. Unajua unapoanzia, unapoishia hujui. Na tupo Mtwara. Krenki ile ilichongwa Dar, na ikichongwa tena itapanda basi ileile. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zake barabara ilikatika kule Somanga, magari yakakwama huku na huku, sisi tunajua maana ya kuwa mwisho wa barabara. Mama watoto gari anaipenda, ameshaipanda, ila aliniuliza swali moja tu, "Niko na watoto Somanga saa 5 usiku injini imeanza hiyo tok-tok-tok, nifanyeje?" Sikuwa na jibu na sitaki kununua kitu ambacho sina jibu lake.

Kwa hiyo nimeamua, kama ilivyo leo siinunui. Sio kwa sababu imefunguliwa. Ingekuwa sahani imetoka safi ningelipa siku ileile milioni 14 na nusu bila kuomba hata punguzo, na ningeitetea mbele ya kila mtu anayesema injini iliyofunguliwa usiguse. Siinunui kwa sababu aliyeiua mara ya kwanza bado yumo ndani.

Jumapili nilimfuata Shangani nikamwambia hivyohivyo, ana kwa ana, hili sio jambo la kutuma meseji. Nikampa na ile karatasi ya filta niliyoikausha. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza, "Sasa huyu wa Masasi nimuuzie hivihivi?" Nikamwambia hiyo ni amana yako, siwezi kukuamulia. Akaingia ndani, nikamsikia anaongea na simu muda mrefu, akatoka akasema amemweleza kila kitu na jamaa amejitoa. Macho yalikuwa mekundu. Nikafikiria ile nyumba ya Newala isiyo na paa, na nikajisikia vibaya kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyeweka ile shaba humo ndani.

Tumekubaliana hivi. Anaishusha tena. Fundi wangu na fundi wake watafanya kazi pamoja, wenyewe wamekubali. Kipoza oili kinatoka, hakisafishwi, kinawekwa kingine. Tabo inafunguliwa, na kile kichujio kidogo kwenye bomba la oili linalokwenda kwenye tabo kinakaguliwa. Krenki inapimwa kwa kipimo, sio kwa macho. Mimi nimemkopesha milioni moja na nusu, tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama krenki ikitoka salama hiyo hela inahesabika kwenye bei. Ikitoka mbovu ananirudishia taratibu na gari tutaongea upya.

Aliniuliza kama nitamsubiri kweli. Nikamwambia nasubiri mpaka minada ya korosho ifunguliwe Oktoba, hela iko benki haiendi popote.

Injini inashushwa Jumatatu asubuhi. Nimeshaomba ruhusa kazini, na ile sahani nyeupe nimeiosha nimeiweka kwenye begi.